Jibu: Wazee wa Lamu walikuwa na masaa manane ya kazi?

Ndugu yangu, umeuliza kama zamani huku Lamu watu walifanya kazi masaa manane kwa siku. Wa ofisini sawa, walikuwa na saa ya kuingia na ya kutoka. Lakini mkata mikoko? Yeye alilipwa kwa korija, yaani boriti ishirini, si kwa saa. Alikata maji yakitoka, na dau lenye mzigo likasubiri yajae ndipo litoke kwenye mkono wa bahari, hata ikiwa saa tisa usiku. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haijai sana, dau huweza kukwama huko ndani, na hapo hakuna wa kumdai malipo ya ziada! Mabaharia wa majahazi ndio kabisa, mwaka wao uligawanywa na pepo za kaskazi na kusi.

Madukani walifunga adhuhuri, wakafungua alasiri. Ijumaa unajua mwenyewe.

Na hayo masaa manane usiyakuze sana: hata amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inataja masaa 52 kwa siku sita, na 60 kwa wa usiku.