Petrichor: jiwe, damu ya miungu na mvua ya kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza na nimekwama kwenye neno petrichor. Kamusi yangu ndogo hailijui. Mwenzangu anasema linatokana na zile sahani za petri za maabara. Maana yake nini, linatamkwaje, na niliandikeje kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Pua yako inalijua tangu utotoni: ni ile harufu inayopanda mvua ya kwanza inapopiga ardhi kavu, vumbi likiwa bado halijageuka tope.

Mwenzako amekosea, ila hakupotea mbali. Sahani ile ina jina la Mjerumani, Julius Richard Petri, na Petri kwa Kilatini ni "wa Petro". Kwa Kigiriki petros ni jiwe, petra ni mwamba, na hilo ndilo nusu ya kwanza ya petrichor. Ndiyo maana maneno "wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu" ni mchezo wa maneno, ambao kwa Kiswahili hausikiki kabisa. Hata petroli ina jiwe ndani yake: petra ya Kigiriki na oleum ya Kilatini, mafuta ya mwamba.

Utamu uko kwenye nusu ya pili. Ichor ni kimiminika kilichopita katika mishipa ya miungu ya Wagiriki wa kale badala ya damu. Katika Iliad, utenzi wa vita wa mshairi Homer, shujaa Diomedes anamchoma mungu wa kike Aphrodite mkononi kwa mkuki, na kinachochuruzika ni ichor. Homer anaeleza kwa nini: miungu hawali mkate wala hawanywi divai, basi damu wataipata wapi? Baadaye waganga wakalishusha neno hilo hadhi, likawa majimaji ya kidonda.

Lakini petrichor yenyewe Homer hakuisikia. Ilitungwa na wanakemia wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, katika makala yao ya mwaka 1964 kwenye jarida la Nature. Walikuwa wamekamua kwa mvuke mafuta yanayojikusanya kwenye mawe na udongo wakati wa ukame. Huko Kannauj, India, mafundi wa manukato hufanya jambo linalofanana: huchemsha udongo uliookwa kwenye vyungu vya shaba, mvuke wake ukanaswa na mafuta ya msandali. Harufu yenyewe inachangiwa pia na geosmin, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongo. Hapo tena Kigiriki: ge ni ardhi, ileile ya jiografia, na osme ni harufu.

Tamka pe-tri-ko, mkazo mwanzoni. Hiyo ch ni k, kama kwenye Christ.

Kuhusu tafsiri, mimi nisingeandika "petrikori" isipokuwa anayesema ni mwanasayansi. Na miungu waache Ugiriki; msomaji wa Kiingereza mwenyewe hawafikirii anapolisoma neno hili. Ningeandika hivi: "Alisimama barazani akivuta harufu ya udongo ulioonja mvua."

Ila kabla hujaandika, rudi nyuma kurasa mbili tatu. Kama mvua ya hadithi yako imenyesha wiki nzima, mwandishi ndiye aliyeteleza, kwa sababu bila ukavu kutangulia hakuna petrichor. Hapo andika "harufu ya mvua" tu, upite.