Kitanda cha wawili: anayeamka usiku apewe kauli ya kwanza

Wachumba wanaotafuta samani Keko, Dar es Salaam, kwa kawaida hufika kwa fundi wakiwa wameshakubaliana jambo moja: kitanda kiwe cha futi 6 kwa 6. Mazungumzo yanayobaki huwa ya umbo la ubao wa kichwani, aina ya mbao na bei. Sina ugomvi na kitanda kikubwa, maana hata mimi na mume wangu tunalalia cha ukubwa huo, lakini naona uamuzi wenyewe huanzia mahali pasipofaa. Watu wawili watakaolala pamoja miaka mingi wangeanza kwa kuulizana ni nani kati yao huamka usiku, na huamka kufanya nini. Huyo ndiye anayestahili kauli ya kwanza kuhusu ukubwa wa kitanda, upande wa kulala na namna kitakavyokaa chumbani, kwa sababu kila anapoinuka yeye, mwenzake huamka pia.

Vipimo vyenyewe vinasema mengi. Kitanda cha 4 kwa 6 kinampa kila mmoja futi 2, yaani sentimita 61, ambazo ni chache kuliko godoro la futi 2 na nusu analobeba mwanafunzi wa bweni. Cha 5 kwa 6 kinampa kila mmoja sentimita 76, sawasawa na mwanafunzi huyo, na cha 6 kwa 6 kinampa sentimita 91. Urefu nao husahaulika. Futi 6 ni sentimita 183, kwa hiyo mume mrefu akishaweka mto kichwani, nyayo zake hugonga ubao wa miguuni usiku kucha. Mwambie fundi aushushe ubao huo ulingane na godoro au asiuweke kabisa. Ni kazi ndogo kabla mbao hazijakatwa.

Kisha kuna chumba. Vyumba vingi vya kupanga mjini ni vya futi 10 kwa 10, na humo kitanda cha 6 kwa 6 kikikaa katikati huacha futi 2 kila upande. Njia hiyo inatosha kupita, lakini kabati la nguo lenye kina cha futi 2 likisimama upande wa miguuni, milango yake hufunguka kwa taabu, na mlango wa chumba nao unadai nafasi yake. Matokeo yake ni kwamba kitanda husukumwa ukutani, na anayelala upande wa ukuta hulazimika kumruka mwenzake kila anapotaka kwenda msalani. Katika chumba cha namna hiyo mimi huwashauri watu wachukue 5 kwa 6 na waache njia pande zote mbili. Futi 1 wanayoipoteza kitandani wataipata katika usingizi usiokatizwa.

Nyumbani kwetu anayeamka ni mume wangu, ambaye kazi yake humtaka awe barabarani saa kumi alfajiri, nami usingizi wangu ni mwepesi tangu utotoni. Tulichofanya ni kumwomba fundi atengeneze kitanda cha 6 kwa 6 chenye mhimili wa kati na chaga za pande mbili zinazojitegemea, kisha tukaweka magodoro mawili ya 3 kwa 6 badala ya moja kubwa. Anapoinuka yeye, godoro langu halitikisiki. Ufa wa katikati, ambao ndio hofu ya kila anayesikia habari hii, tuliuziba kwa blanketi lililokunjwa kwa urefu na kutandikwa shuka moja kubwa juu ya yote. Yeye hulala upande wa mlangoni, na nguo zake za asubuhi hukaa sebuleni ili asiwashe taa ya chumbani.

Magodoro mawili yana faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, labda kwa kuwa wanaona fahari zaidi kuuza moja kubwa. Mmoja akiwa mzito na mwingine mwepesi, sponji laini hubonyea upande mmoja, na yule mwepesi huteremkia huko akitaka asitake. Magodoro yakiwa mawili, kila mtu hununua ugumu unaomfaa mgongo wake, na likichoka moja hubadilishwa hilo tu.

Kuhusu kujifunika, sioni sababu ya watu wazima kuvutana shuka. Ujerumani na nchi za Skandinavia ni jambo la kawaida wenzi kulala kitanda kimoja huku kila mmoja akiwa na mfarishi wake, na huko ni kwenye baridi. Katika joto la Dar es Salaam, ambapo mmoja hutaka feni imwelekee na mwingine hukohoa ikimpiga, kanga moja kwa kila mtu inatosha kumaliza shauri.

Chandarua kisinunuliwe kwa mazoea. Chandarua cha 4 kwa 6 kikilazimishwa juu ya kitanda cha 5 kwa 6, kitambaa hugusa mikono na miguu ya waliolala, na mbu humng'ata mtu kupitia matundu akiwa ndani ya chandarua. Kinunuliwe kinachozidi kitanda kidogo, ili kiweze kuchomekwa chini ya godoro pande zote.

Mtoto akizaliwa, anayeamka usiku hubadilika, na mipango yote hubadilika naye. Mama anayenyonyesha akae upande ulio wazi, si wa ukutani, hata kama upande huo ulikuwa wa baba. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini mahali pake mwenyewe, angalau miezi 6 ya kwanza, na godoro liwe gumu lisilo na mito. Kitanda kidogo kikiwekwa ubavuni mwa mama, mkono wake unafika bila kushuka, ila nacho kinahitaji chandarua chake. Jambo la kuogopwa zaidi ni nafasi kati ya godoro na ukuta, ambamo mtoto anaweza kutumbukia na kubanwa.

Linabaki suala ambalo wazee hawapendi kulisikia, yaani wenzi kulala mbalimbali. Mwenye zamu ya usiku anayerudi alfajiri, au anayekoroma kiasi cha mwenzake kwenda kazini bila kulala, havunji ndoa kwa kuhamia chumba kingine siku mbili tatu. Kinachoumiza ni kuhama bila kusema, kwani aliyeachwa atatafuta maelezo yake mwenyewe. Zungumzeni mchana, mkiwa hamjachoka. Hata hivyo, mkoromaji ambaye pumzi yake hukatika kisha akashtuka akitweta apelekwe kwa daktari, kwa sababu hilo chumba cha pili hakilitatui.

Mkishaelewana, nunueni godoro kwanza, mlipime kwa futikamba, kisha mpelekeeni fundi vipimo hivyo halisi, maana vitanda na magodoro yanayotoka nje hupimwa kwa sentimita na la 160 kwa 200 halitakaa vizuri kwenye 5 kwa 6. Kama mnapanga, kitanda kifungwe kwa bolti, si kwa misumari. Bolti hukazwa kitanda kinapoanza kulia, jambo ambalo majirani wa ukuta mmoja watawashukuru, na siku ya kuhama kitanda cha mbao za mninga cha 6 kwa 6 hupita mlangoni vipande vipande bila kukatwa.