Oili Ipi Inafaa kwa Dizeli Iliyozeeka?

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu ya magari, salaam. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya 3L, ambayo huitumia kubeba viazi na mbao kutoka Njombe hadi Iringa, na mara chache hadi Dar es Salaam. Fundi wangu wa siku nyingi husema kwamba injini ikishazeeka inataka oili nzito, hivyo hunitilia namba 40 tupu au 20W-50. Muuza vipuri naye ananishawishi ninunue 5W-30 ya bei kubwa, eti ndiyo ya kisasa. Kwa sasa huongeza kama lita moja kati ya sevisi moja na nyingine, yaani kila kilomita 5,000, na oili huwa nyeusi siku mbili tu baada ya kubadilishwa. Nimfuate nani?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yangu usimfuate yeyote kati ya hao wawili, ingawa fundi wako yuko karibu zaidi na ukweli. Wote wamekueleza habari za uzito wa oili, na hakuna aliyegusa jambo linalotangulia katika injini ya dizeli, nalo ni daraja la oili yenyewe.

Geuza dumu usome mgongoni. Utakuta herufi za API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, zikifuatwa na alama ya daraja. Madaraja yanayoanza na S ni ya injini za petroli, na yanayoanza na C ni ya dizeli. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu dizeli huacha masizi mengi kuliko petroli, na salfa iliyomo katika mafuta yake huzaa asidi. Oili ya dizeli kwa hiyo hutiwa viungo vya kusafisha, vya kuyashika masizi yasigandamane, na vya kuivunja nguvu asidi hiyo. Injini yako ya 3L (hilo ni jina lake, si ujazo), yenye takriban lita 2.8 na isiyo na turbo, huanzia kuchoma mafuta katika chumba kidogo kilicho pembeni ya silinda, na injini za muundo huo ni hodari sana wa kupeleka masizi kwenye oili.

Hapo ndipo ulipo weusi unaokutia wasiwasi. Oili mpya hukutana na mabaki ya oili ya zamani ambayo hayatoki yote hata ukiacha nati ya chini wazi kwa saa nzima, kisha huanza kuosha utandu uliomo ndani, na ndani ya siku mbili imekuwa kama wino. Hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi yake. Ningekuwa na mashaka zaidi na oili inayobaki rangi ya asali kwa mwezi mzima ndani ya dizeli ya umri huo.

Sasa tuje kwenye daraja. Injini yako ilibuniwa katika enzi za daraja la CD, lililoanzishwa mwaka 1955. Baadaye yalikuja CF-4 mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998 na CI-4 mwaka 2002, na haya kwa kawaida yanaweza kuchukua nafasi ya CD. Chaguo langu kwako ni CI-4, au CH-4 ukiikosa. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipopunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, oili ya daraja hilo ina akiba ya kutosha ya kupambana na asidi, mradi ubadilishe kila kilomita 5,000 kama ufanyavyo. Daraja jipya zaidi, CK-4, halitaiumiza injini yako, ila utalipia sifa zilizokusudiwa magari yenye vichungi vya masizi kwenye ekzosi, ambavyo gari lako halina. Iepuke FA-4 kabisa: ni oili nyepesi iliyotengenezewa injini mpya za malori, na haikukusudiwa kuchukua nafasi ya madaraja ya zamani. Ukiona dumu limeandikwa SN/CF, elewa kwamba daraja lililotangulizwa ndilo lililolengwa. Hiyo ni oili ya petroli iliyoruhusiwa kugusa dizeli.

Kuhusu uzito, chukua 15W-40. Namba inayotangulia W hueleza tabia ya oili ikiwa baridi, na namba ya mwisho hueleza uzito wake injini ikishapata moto, unaopimwa katika nyuzi 100 za Selsiasi. Namba 40 tupu haina W, maana yake haikupimwa kwa baridi, na alfajiri za Juni na Julai huko Njombe unazijua kuliko mimi. Oili hiyo huwa nzito mno wakati wa kuwasha, ikachelewa kufika juu kwenye kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea katika sekunde hizo za mwanzo. 20W-50 si sumu. Mtu anayeishi Tanga na kubeba mizigo mchana kutwa anaweza kuitumia kwa amani. Kwako wewe haikuongezei kitu, na inaweza kukuficha ugonjwa: presha ya oili ikishuka kwa sababu beringi zimelika, oili nzito huipandisha kidogo, taa ikazimika, nawe ukaendelea kupanda milima na shehena ya mbao huku beringi zikiisha. Presha ikitiliwa shaka, fundi afunge geji na kuipima injini ikiwa ya moto.

Nayo 5W-30 ikishapata moto huwa nyepesi kuliko 15W-40, na injini iliyokwisha kuachia nafasi kati ya vyuma vyake itaila zaidi. Lita moja kwa kilomita 5,000 kwa gari la miaka zaidi ya 30 ni ulaji wa kawaida kabisa. Ikifika lita moja kwa kilomita 1,000, tazama moshi: wa buluu asubuhi unapowasha huashiria sili za valvu, na wa buluu unaodumu ukiwa na mzigo mlimani huashiria ringi za pistoni. Moshi mweusi hauhusiani na oili. Angalia nozeli zinazopuliza dizeli, na filta ya hewa.

SWALI: Je, ninaweza kuchanganya oili za kampuni mbili nikiwa njiani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Unaweza, ikiwa zote ni za dizeli na uzito wake ni mmoja. Injini iliyopungukiwa oili huharibika upesi kuliko iliyochanganyiwa. Nunua kopo ambalo lakiri yake haijaguswa, na ukilimaliza litoboe kabla ya kulitupa, kwa maana makopo mazima huokotwa na kujazwa oili chafu iliyochujwa.

SWALI: Prado yangu ina injini ya 1KZ-TE yenye turbo. Je, ushauri ni uleule?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ni uleule, 15W-40 ya CI-4, ila kwako kuchelewa kubadilisha kuna gharama kubwa zaidi, kwa sababu oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha na kupoza mhimili wa turbo. Ukitoka kupanda mlima, iache injini iungurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima, la sivyo oili iliyokwama ndani ya turbo yenye moto huungua na kuganda kama lami.