Barua kwa Mwanangu: Mkaa na Umri wa Vigae

Ilemela, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza: ikiwa maabara inaweza kupima kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo katika kila kilichokuwa hai, ambayo baada ya kifo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa nini wanaakiolojia bado wanabishana kuhusu umri wa vyungu vya Urewe (mtindo wa ufinyanzi wa kale wa Enzi ya Chuma) na tanuri za kuyeyushia chuma za ukanda huu wa Ziwa Victoria?

Kwa niliyoyaona katika kazi ya uchimbaji kabla ya kustaafu, ugumu huanzia shimoni. Maabara hupima umri wa kipande cha mkaa. Haiwezi kukuambia kama mkaa huo ulifukiwa wakati mmoja na kigae ulichokikuta kando yake. Hilo huamuliwa na aliyeshika mwiko wa kuchimbia. Katika udongo wetu mchwa hutoboa njia, mizizi hupenya na kuoza, na mkulima hugeuza ardhi kila msimu, hata mkaa wa juzi ukashuka hadi kwenye tabaka la kale. Njia ya mchwa huonekana kama doa jembamba la udongo laini, lenye rangi tofauti kidogo. Usipolowesha ukuta wa shimo na kuukwangua taratibu, hulioni.

Mti nao una shida yake. Umri huhesabiwa tangu pete ya mti (duara la ukuaji) ulikotoka mkaa ilipokua, si tangu mti ulipochomwa, hivyo mkaa wa kiini cha mti mkongwe huifanya tanuri ionekane ya kale kuliko ilivyo. Kwa hoja hiyo zilipingwa baadhi ya tarehe za mapema za uhunzi wa Kagera. Tena, kati ya takriban mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo, mstari wa grafu unaotumika kugeuza vipimo vya kaboni kuwa miaka ya kalenda umelala karibu bapa, yaani miaka mingi tofauti hutoa kipimo kilekile, kwa hiyo hata kipimo safi hurudi na upana wa karne kadhaa, na kipindi hicho ndicho tunachokihitaji mno tunapotafuta mwanzo wa chuma huku kwetu.

Mkemia akitilia shaka jibu lake hurudia jaribio, lakini wewe ukishachimba tabaka umeliondoa moja kwa moja, na jambo hili hunisumbua kuliko yote. Nakuomba, mwanangu, upeleke maabara mbegu zilizoungua au vijiti vyembamba badala ya bonge la mkaa, uchore kila ukuta kabla ya kuendelea kushuka, na uache sehemu ya eneo bila kuchimbwa kwa ajili ya watakaokuja na vipimo bora. Tarehe isiyolingana na nyingine usiifiche. Iandike katika ripoti pamoja na tabaka ilikotoka.

Mama yako