Kabla ya kuweka logi kwenye foleni, jua zipi zitatupwa

Mama mmoja alipiga simu huduma kwa wateja: amelipa kwa simu, ujumbe wa kukatwa pesa anao, oda yake haionekani. Nikafungua logi, faili ambamo programu huandika kila inachofanya. Ombi lake nililiona likiingia, kisha kimya. Mstari wa "malipo yamepokelewa", ambao kodi ya programu yetu (maelekezo tuliyoiandikia) huuandika kila mara, haukuwepo. Siku mbili tulizozana na mtoa huduma wa malipo, tukishikilia kwamba hawakututumia taarifa. Walituma. Mstari tuliutupa wenyewe.

Wiki chache nyuma nilikuwa nimeipanga Logback, maktaba ya Java inayoandika logi, itumie AsyncAppender. Diski ilikuwa nzito, na kila uzi (mkondo wa kazi ndani ya programu) uliokuwa ukimhudumia mteja ulisimama kusubiri mstari uandikwe. Kwa AsyncAppender, uzi unaiacha rekodi kwenye foleni ndani ya kumbukumbu na kuendelea na kazi. Uzi mwingine, mmoja tu, unazichukua na kuziandika. Majibu yakaharakika kweli.

Nilichoruka ni ukurasa wa mipangilio. Foleni hiyo, usipoigusa, inabeba rekodi 256. Nafasi zikibaki chini ya asilimia 20, rekodi mpya za ngazi za chini, yaani TRACE, DEBUG na INFO (taarifa za kawaida), zinatupwa. WARN na ERROR, za maonyo na makosa, zinabaki. Huambiwi kwamba zimetupwa. Na malipo yaliyofanikiwa, kwa karibu kila anayeandika kodi, ni INFO! Mwisho wa mwezi, watu wakimiminika kulipa, foleni ya 256 inajaa kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo ukiweka foleni, amua siku hiyohiyo itakapojaa ifanye nini. Ukiweka discardingThreshold, kikomo cha kuanza kutupa, kuwa 0, hakuna kitakachotupwa, lakini foleni ikijaa nyuzi zako zitarudi kusubiri. Ukiongeza neverBlock kuwa true hazitasubiri, ila sasa hata ERROR inaweza kupotea. Mimi siipendi hiyo kabisa. Nilichofanya ni kuongeza queueSize (ukubwa wa foleni), nikaweka discardingThreshold kuwa 0, na mistari ya malipo nikaitoa kwenye foleni: ina faili lake na inaandikwa papo hapo. Mteja akisubiri milisekunde chache kwa ajili ya ushahidi wa pesa yake, hajaonewa.

(Ukiona alama ya kuuliza mahali pa namba ya mstari wa kodi, usishangae: taarifa hiyo haichukuliwi mpaka uwashe includeCallerData, nayo ina gharama yake.)

Kuna pia kuzima, ambako wengi hawakufikirii. Programu ikifungwa, vilivyo kwenye foleni bado viko kwenye kumbukumbu tu. Weka shutdownHook kwenye faili la mipangilio ili Logback imalizie kuandika. Hata hivyo, AsyncAppender husubiri milisekunde 1,000 tu usipobadilisha maxFlushTime. Kwa kill -9, amri ya kuiua programu papo hapo, hakuna kinachookoka kwenye foleni, na programu inayouawa ghafla ndiyo ambayo mistari yake ya mwisho utaitafuta kwa machozi.

Jaribu kwako kabla ya kupeleka kwa wateja. Andika mistari 10,000 yenye namba kwa mfululizo, izime programu katikati, kisha fungua faili ulinganishe namba ya mwisho uliyotuma na ya mwisho iliyoandikwa. Angalia na mapengo ya katikati. Mimi nililiona pengo la kwanza kabla hata sijaizima.