Bosi ajue lini? Maswali yenu kuhusu likizo ya uzazi

Nilikalia kiti cha afisa utumishi miaka mingi Dar es Salaam. Barua za likizo ya uzazi nimezipokea kwa mafungu, na mwenyewe nimeziandika mara tatu. Majibu haya ni ya Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Walioko Zanzibar wana sheria yao.

Shikamoo mama. Mimi ni keshia wa duka kubwa hapa Mwanza, nina mimba ya miezi miwili na nusu. Mwenzangu alimwambia bosi mapema, akapunguziwa zamu. Naweza kukaa kimya mpaka tumbo lionekane? (Keshia, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Sheria inataka umpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Yaani mimba ikiwa na miezi sita hivi. Kwa hiyo ukinyamaza leo hujakosea.

Ila kimya kina gharama yake. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto, na mwajiri hawezi kukuondoa kwenye kreti za soda kama hajui una nini. Ukiwa unakaa kaunta tu, subiri miezi mitatu ya mwanzo ipite. Ukiwa unabeba mizigo, sema wiki hii.

Na usingoje tumbo liseme. Mimba yangu ya kwanza niliificha kwenye mashati ya mume wangu hadi mwezi wa sita, na bosi akaja kuambiwa na mlinzi wa getini. Aliponiita hakuniuliza hata hali. Aliuliza kwa nini mlinzi ajue kabla yake, na mazungumzo yote tangu hapo yakawa ya mimi kujitetea.

Usimvizie koridoni, wala usimtumie WhatsApp saa nne usiku. Omba dakika kumi, mkae wawili, siku ambayo hesabu za wikendi zimeshafungwa. Anza na tarehe: "Nina ujauzito, natarajia kujifungua katikati ya mwezi fulani, naomba likizo ianze wiki mbili kabla. Kaunta yangu fulani anaiweza, nitamwelekeza mwenyewe." Halafu nyamaza, mwache aongee. Nimeona wanawake wengi wakiingia na "samahani bosi" kana kwamba wamevunja kioo cha duka. Usiombe radhi. Siku 84 zenye malipo si hisani ya mtu.

Siku hizo ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo, kwa hiyo ni wiki 12 kamili. Unaweza kuanza hadi wiki nne kabla ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuna haja, lakini kila wiki unayoila mbele unaipunguza kwenye za kukaa na mtoto. Ndiyo maana wengi hufanya kazi mpaka karibu na uchungu. Anayegombea daladala kila alfajiri hesabu yake ni nyingine, asiige.

Mkishaongea, andika. Barua nakala mbili, ambatisha cheti cha daktari, na nakala yako igongwe muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe. Hawana muhuri? Aliyepokea aandike jina, asaini, aweke tarehe. Bosi wako anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na mpya atasema hakukuta taarifa yoyote.

Mwenzako naye: kumpunguzia mtu zamu kwa sababu ya mimba ni ubaguzi, na mimba imetajwa kwa jina kwenye sheria. Kama ana ratiba za zamu za kabla na za baada, asizitupe.

Nimeajiriwa hotelini miezi minne iliyopita, nimegundua nina mimba ya wiki sita. Nimwambie meneja? (Mapokezi, Arusha)

Hapa nitakushauri nisivyomshauri keshia. Mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, na ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali nao haujamfikia. Ni kweli ubaguzi umekatazwa hata kwa anayeomba kazi, lakini kuthibitisha kwamba umeondolewa kwa ajili ya mimba na si kwa "kutofikia viwango" ni safari ndefu. Kwa hiyo, daktari asiposema kuna hatari, kaa kimya miezi miwili, fanya kazi yako vizuri, tunza mkataba wako. Utakapoanza likizo utakuwa umepita miezi kumi kazini.

Mkataba wangu ni wa mwaka mmojammoja na unaisha nikiwa likizo. HR anasema "tutaona". (Mhasibu, Dodoma)

Likizo hairefushi mkataba, hilo HR yuko sahihi. Lakini sheria inahesabu kama kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu ilhali mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa. Matarajio hayo hujengwa na karatasi: mkataba umehuishwa mara ngapi, tathmini zilisemaje, barua pepe za "mwakani utasimamia mradi huu". Zitoe nakala sasa, zikae nyumbani. Kompyuta ya ofisi utairudisha siku ya makabidhiano.

Kumzuia mama asirudi kazini baada ya likizo ya uzazi nako kumehesabiwa hivyohivyo. Likikufika, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Watu hupoteza haki zao hapa kwa kungoja bosi apunguze hasira.

Mtoto wangu ana mwaka na miezi miwili, nina mimba tena. Bosi anasema mpaka miaka mitatu ipite. (Mama Pacha Mtarajiwa, Morogoro)

Hongera kwanza kwa pacha. Bosi ana nusu ya ukweli. Malipo ni ya siku 84 kwa kila mzunguko wa miezi 36, na kwa wanaojifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja ni siku 100. Lakini mzunguko unahesabiwa tangu ulipoajiriwa. Hauanzi siku uliyojifungua mara ya mwisho. Chukua tarehe ya kuajiriwa, ruka miaka mitatu mitatu, uone mtoto wa kwanza aliangukia wapi na pacha wataangukia wapi. Mizunguko ikiwa tofauti, una haki ya malipo. Ikiwa mmoja, malipo ya lazima yameisha na kilichobaki ni maelewano. Mpelekee hesabu hiyo ikiwa imeandikwa. Mabosi wengi hawajawahi kuiona.

Nina wiki ya nne tangu nijifungue, ofisi inanitaka "siku mbili tu" za kufunga hesabu. (Bila jina)

Usiende. Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua hairuhusiwi kufanya kazi mpaka daktari athibitishe unaweza. Na ukirudi, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wasizichanganye na muda wa chakula.

Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Nina siku ngapi? (Fundi umeme, Tanga)

Tatu zenye malipo, na zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mwambie msimamizi leo. Zikipita umezikosa.

Dada wangu wa kazi ana mimba. Nimesikia kwa jirani, mimi kaniogopa. Yuko kwangu miaka miwili. Mume anasema tumpe nauli arudi kwao. Mimi mwenyewe nimetoka likizo ya uzazi Machi. (Mama Wawili, Tabata)

Soma tena swali la keshia wa Mwanza, safari hii ukiwa umekaa upande wa bosi. Dada wako ni mwajiriwa kama wewe. Sheria hii imewaacha nje askari wa majeshi, polisi na magereza. Wafanyakazi wa nyumbani wamo. Siku 84 zile zile ulizolipwa wewe ni zake pia, na nauli ya kumrudisha kwao kwa sababu ya mimba ni kumwachisha kazi isivyo halali.

Usimwite sebuleni mume akiwepo. Mfuate jikoni jioni watoto wakishalala, mwambie umesikia, na kwamba kazi yake ipo. Muulize kama ameanza kliniki. Ndoo za maji za kupandisha ghorofani zisimamishwe kesho asubuhi. Kubalianeni tarehe ya kuanza likizo, atajifungulia wapi, na nani atashika nyumba kwa wiki hizo 12. Andikeni kwenye karatasi, msaini wote wawili, hata kama ni ya daftari la mtoto.

Mtu wa kushikilia na mshahara wa dada utavilipa kwa wakati mmoja, hapo ndipo mume atakapopiga kelele. Anzeni kuweka pembeni mwezi huu.