Mfadhili amekubali kunilipia mafunzo ya uongozi: nichague yapi?

Swali: Mwalimu, hujambo? Naongoza shirika dogo la maigizo na ngoma huku Kariobangi. Tuna wafanyakazi watano wa kudumu; wasanii wengine tunawaita onyesho likiwapo. Mfadhili wetu amekubali kunilipia mafunzo ya uongozi. Kuna kozi ya wiki moja katika chuo cha biashara hapa mjini, na rafiki yangu ananihimiza niombe nafasi ng'ambo. Mwenyekiti wa bodi anasema ni hela ya kupoteza. Unanishauri vipi? (Mkurugenzi, Kariobangi)

Jibu: Sijambo, dada, na hongera. Wafadhili wengi hulipia onyesho wakaishia hapo. Anayekubali kumsomesha kiongozi ni wa kushikilia. Ushauri wangu ni mmoja: popote utakaposomea, usisome peke yako. Huyo mwenyekiti anayeona ni hela ya kupoteza ndiye wa kwanza kuandikishwa pamoja nawe.

Mkurugenzi akirudi na mawazo mapya akaikuta bodi palepale alipoiacha, mawazo hayo hufia kwenye kikao cha kwanza. Mambo mazito ya shirika hayaamuliwi na mkurugenzi pekee. Kukataa ruzuku yenye masharti mabaya, kupandisha mishahara, kumtayarisha atakayekurithi: hayo yote hupitia kwa bodi, na bodi isiyosoma hesabu haiwezi kukusaidia hata ikikupenda.

Tuchukue mfano. Akaunti yenu ina shilingi 6,000,000. Ukitazama harakaharaka, shirika lina afya. Sasa twaeni karatasi mtenge. Shilingi 4,800,000 ni za mradi wa maigizo shuleni, na mkataba unakataza kuzitumia kwa jambo lingine. Shilingi 700,000 ni madeni: ukumbi, fundi wa mitambo ya sauti, wasanii wa mwezi uliopita ambao bado wanapiga simu. Zinabaki 500,000. Ikiwa mishahara, kodi ya ofisi na stima hula 350,000 kila mwezi, basi ruzuku inayofuata ikichelewa, mna uhai wa kama wiki sita tu. Nimekaa na bodi kadhaa za mashirika ya sanaa hapa Nairobi na sijaona kitu kinachobadilisha mazungumzo kama karatasi hiyo. Mjumbe aliyekuwa akiuliza kwa nini hamkununua ngoma mpya huanza kuuliza tutaweka akiba vipi, na nani kati yetu anaweza kwenda kuongea na mfadhili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize mwenye kozi maswali mawili. Je, tutafanyia kazi hesabu zetu wenyewe au za kampuni ya mfano? Na baada ya wiki hiyo, kuna mtu atakayetufuatilia kwa miezi kadhaa? Vyuo vya biashara, Strathmore Business School ikiwemo, vitakufundisha vizuri fedha, mikataba na usimamizi wa wafanyakazi. Ila kampuni hupimwa kwa faida, nasi hatupimwi hivyo. Onyesho laweza kujaza ukumbi hadi kiti cha mwisho na bado likala hasara, na hasara hiyo mliijua tangu mlipopanga bajeti kwa sababu mlitaka watoto wa mtaa waingie kwa shilingi 50. Linalobaki kujua ni nani atajaza pengo. Mwalimu asiyeielewa hesabu hiyo atakushauri upandishe kiingilio.

Ng'ambo kuna ya kujifunza. Michael Kaiser, aliyeongoza kituo cha sanaa cha Kennedy Center kule Washington kuanzia 2001 hadi 2014, amefundisha viongozi wa sanaa katika nchi nyingi wazo rahisi: kazi nzuri itangazwe kwa nguvu, matangazo yavute jamaa wa shirika (watazamaji, wachangiaji, wanabodi), jamaa hao walete fedha, na fedha zirudi kwenye kazi nzuri zaidi. Nalikubali wazo hilo. Lakini Marekani mwanabodi hutarajiwa kuchangia kutoka mfukoni mwake. Hapa kwetu mara nyingi anasubiri nauli ya kikao. Ukilileta, lilete ukijua pengo hilo.

Uingereza nako kuna programu ya Clore ya kufunza viongozi wa sanaa, ambayo imewahi kuwapeleka viongozi wakakae kwa muda ndani ya shirika lingine. Hilo unaweza kulifanya hapa bila tiketi ya ndege. Tafuta mkurugenzi mwenzio aliyekutangulia, uombe kukaa ofisini mwake wiki mbili akiandaa bajeti. Kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 katika ghala la Industrial Area, kisha kikaingia katika mpango wa kujijengea upya. Uamuzi wa aina hiyo huchukua miaka ya kuongea na wafadhili, serikali na wasanii, na anayetaka kuuelewa sharti awe karibu na walioubeba.

Kuhusu sheria, hakikisheni mafunzo yenu yanagusa Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 badala ya Sheria ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 1990. Mwenyekiti na aisome mwenyewe, asisubiri kusimuliwa na wakili.

La mwisho ni la hela. Kama mnawalipia wafanyakazi wenu ushuru wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), ule wa shilingi 50 kwa kila mmoja kwa mwezi, mnaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, ila ombi lazima liidhinishwe kabla ya kozi kuanza. Anza na hilo wiki hii. Kisha mwandikie mfadhili umweleze kwamba badala ya tiketi moja ya ng'ambo, unaomba nafasi mbili za hapa Nairobi, yako na ya mwenyekiti, pamoja na ada ya mshauri atakayehudhuria vikao vyenu vya bodi kwa mwaka mzima.